Siku shimo lilipomfunika mume wangu, na mama aliyeniambia niogope tu

Wakuu, salamu kutoka Likasi, Haut-Katanga.

Mimi ni msomaji wa siku nyingi humu, kuchangia nachangia kwa nadra. Leo nina jambo la kusimulia na mbele za Mungu sitaongeza chumvi. Majina nimebadilisha, la mume wangu pia.

Kiswahili chetu cha Katanga mnakijua, mkikisikia mnacheka. Nimejitahidi kuandika cha kwenu. Ila maneno ya watu nitayaacha walivyoyasema. Nikiyanyoosha yatakuwa si yao tena.

Tuanze.

Tunaishi Kikula, mtaa wa hapa Likasi. Mume wangu nitamwita Faustin. Alisomea umeme, na tulipooana bado alikuwa anatumaini kupata kazi kwenye mtambo wa umeme wa Koni. Haikupatikana. Akawa creuseur, yaani mchimbaji wa kujitegemea, wale wanaoshuka kwa kamba kwenye mashimo ya shaba na kobalti na tochi kichwani. Machimbo yake yako njia ya kwenda Kakanda. Mahali penyewe sipataji.

Tuna binti mmoja, Gloire, ndiyo maana mtaani naitwa Mama Gloire.

Tunasali kwenye kanisa dogo la uamsho karibu na nyumbani. Pasta wetu ni mtu mwema, simsemi vibaya. Lakini fundisho lake kubwa ni kwamba woga ni mlango. Ukiogopa, umemfungulia adui. Mwenye imani haogopi. Tumelipigia makofi fundisho hilo Jumapili ngapi sijui, na mimi nililiamini kabisa.

Niliamini kwa sababu sikuwa nimewahi kuogopa vya kweli. Nilikuwa sijui woga ni kitu gani.

Yalikuwa majira ya mvua. Udongo ulikuwa umeshiba maji hata ukuta wa choo chetu ulikuwa umeanza kuinama. Asubuhi hiyo Faustin alikunywa chai, akamfunga Gloire kamba za viatu, akaondoka. Hatukuagana kwa namna yoyote ya pekee. Watu husema walihisi kitu. Mimi sikuhisi kitu chochote.

Nilikuwa uani natwanga sombe, kisamvu chenu, simu ilipoita. Namba ngeni. Mwanaume, anahema kama amekimbia.

"Mama, weye njo bibi ya Faustin?"

Nikasema ndiyo, mimi ndiye mke wake.

"Kuya. Shimo ilianguka. Kuya mbio."

Akakata.

Wakuu, sikupiga tena kuuliza kama yuko hai. Simu ilikuwa mkononi na namba ilikuwepo, ila kidole kilikataa. Nikipiga, mtu atajibu. Na akijibu, basi litakuwa limeshasemwa.

Nikamwacha Gloire kwa jirani nikachukua wewa, ndio bodaboda wetu. Barabara ilikuwa tope tupu. Nilikaa nyuma ya yule kijana nikisema kwa sauti: siogopi, siogopi, siogopi. Yeye akadhani naongea naye habari ya mwendo. Akaongeza kasi. Tulikaribia kuanguka mara kadhaa na mimi niko pale pale, siogopi, siogopi.

Kufika.

Sijui niwaelezeje. Mlima wa udongo mwekundu umekatwakatwa kama kichuguu kilichopigwa jembe. Mashimo mengi, kila moja na maturubai yake juu. Na pale penye shimo la akina Faustin hapakuwa na shimo. Palikuwa na udongo tu umelala umebonyea katikati, laini, kama mtu amelalia mto halafu akaondoka.

Wanaume walikuwa wamefunga kamba watu wasisogee. Waliobaki walikuwa wanashuka kwenye shimo la jirani. Walieleza kwamba huko chini mashimo yanakaribiana, kwa hiyo watachimba kwa ubavu hadi wakutane na waliofukiwa. Walikuwa na kompresa ya kupuliza hewa chini kwa mpira mrefu. Inanguruma kama mashine ya kusaga.

Ile kompresa ndiyo ilikuwa moyo wa mahali pale. Ikiwa inanguruma, maana yake wanaume wanaamini kuna watu wa kupumua. Kuna wakati ilizima ghafla. Wanawake wote tulisimama pamoja, hakuna aliyemwambia mwenzake. Kumbe mafuta yameisha. Walipojaza ikawaka, tukakaa tena, na hakuna aliyetazama mwenzake usoni.

Na juu, upande wa Kakanda, wingu jeusi lilikuwa linajikusanya. Kila mtu pale alijua maana yake. Mvua ikinyesha, hata hilo shimo la jirani halitaingilika.

Nikampigia mke wa pasta. Nilitaka sauti ya mtu. Akaniambia: "Mama Gloire, kataa! Usilie. Ukilia, unakubali. Funga mulango."

Basi nikafunga mlango. Nikabana meno, nikakaa juu ya gunia tupu mbali kidogo na wanawake wengine, kwa sababu walikuwa wanalia na niliona watanivuta. Lakini woga haukutoka. Ulikuwa unapanda kutoka miguuni kama maji baridi. Na mimi nikawaza: huu woga wangu ndio unaomuua Faustin. Kila nikiogopa, udongo unashuka kidogo huko chini.

Nikaanza kuogopa woga wangu mwenyewe. Anayejua hali hiyo atanielewa. Asiyeijua, Mungu amwepushe.

Hapo ndipo alipokuja mama mmoja, mtu mzima, mnene, anachechemea mguu mmoja. Rozari shingoni. Nitamwita Mama Véro. Nilikuwa namfahamu kwa sura tu, anauza makala, yaani makaa, upande wa pili wa mtaa wetu, marehemu mume wake alikuwa mfanyakazi wa kiwandani. Mkatoliki wa wale wa misa ya asubuhi kila siku. Alikuwa na dumu la maji na kikombe, anapita kwa wanawake anawanywesha mmoja mmoja.

Nikadhani ametumwa na akina mama wa parokia.

Akanipa maji. Meno yangu yakagonga kikombe. Badala ya kuendelea kwa mwingine, akaweka dumu chini akakaa pembeni yangu, kwa shida, kwa ajili ya ule mguu.

"Nani iko mule?"

"Bwana yangu."

"Unaogopa?"

Nikasema, "Hapana. Siogopi."

Akatazama mikono yangu. Nilikuwa nimejibana hadi kucha zimeingia kwenye nyama. Alisema hivi:

"Minye niko naogopa sana, Mama Gloire."

Nilishangaa. Mtu amekuja kutufariji halafu anasema anaogopa? Nikamwuliza, kwa ukali kidogo, "Kwani weye hauamini?"

"Niko naamini. Na niko naogopa. Byote biko ndani yangu, na habigombane."

Kisha akaniambia maneno ambayo sijawahi kuyasikia kwa pasta yeyote. Nayaandika kama ninavyoyakumbuka.

"Yesu mwenyewe aliogopaka. Ile siku ya Getsemani. Alitoka jasho, alilala chini, alimulilia Baba yake amutoe mule. Nani alimuambia hana imani? Na hakuwaambia bale barafiki bamutoe woga. Alibaomba tu baikale naye. Bo balilala. Basi shiye tusilale. Weye ogopa tu, mama. Ogopa, lakini ogopa na Mungu pembeni."

Wakuu, nililia.

Nililia hadi makamasi, bila aibu, kichwa kwenye bega la mama anayenuka makala. Na udongo haukushuka. Kompresa iliendelea kunguruma. Mbingu hazikufungwa.

Ngoja niseme jambo hapa kidogo. Kanisani kwetu rozari ni kitu cha kusengenya. Tunasema hao wanaabudu shanga. Mama Véro alipoanza kusali zake, akaona namtazama mkononi, akanipa ncha moja nishike. "Shika tu, haitakuuma." Nikacheka. Pale, mbele ya kaburi la watu ambao huenda bado wako hai, nilicheka sekunde moja. Nikashika. Yeye akasema Salamu Maria zake, na mimi niliyekuwa sizijui nikawa nasema "Yesu" kila anapovuta pumzi.

Sikupata amani ile ya kwenye nyimbo. Nisiwadanganye. Niliendelea kuogopa hadi mwili unauma. Tofauti ni moja, nilikuwa siogopi peke yangu, na nilikuwa siuogopi woga.

Jua lilikuwa limeshavuka kichwa, wingu nalo limefika juu yetu, ndipo mkubwa wa shimo, msimamizi wa wachimbaji, akatoka chini. Ni mwanaume mrefu, siku nyingine ana maringo, lakini siku hiyo alikuwa kama mtoto aliyechapwa. Akainua mikono watu wanyamaze.

"Tumesikia bantu!"

Vilio, makelele. Akataja majina ya waliojibu kwa sauti kutoka nyuma ya udongo. La kwanza halikuwa la Faustin. La pili halikuwa lake. Kisha, "Na Faustin. Faustin alijibu."

Nilipiga ukelele hadi sauti ikakatika. Nikamkumbatia Mama Véro, namtikisa, "Anapumua! Mama, anapumua!" Naye ananipigapiga mgongo, "Aksanti Mungu, aksanti Mungu."

Halafu nikahisi mkono wake umeacha kupiga.

Akamwuliza yule mwanaume juu ya bega langu, kwa sauti ya kawaida kabisa, kama anauliza bei ya kitu:

"Na Héritier?"

Mkubwa wa shimo akatazama viatu vyake.

"Yeye bado, mama. Faustin anasema alikuwa karibu naye. Lakini sasa hajibu."

Nikajitoa mikononi mwake. Nikamwuliza, na hadi leo nasikia sauti yangu ilivyokuwa ya kijinga, "Mama, Héritier ni nani?"

"Njo mutoto yangu."

Wakuu. Hakuwa ametumwa na parokia. Alifika pale kabla yangu, kwa sababu ile ile iliyonileta mimi. Kijana wake, mtu mzima wa miaka yake ishirini na kitu, tegemeo lake pekee, alikuwa chini ya udongo ule ule. Alinihudumia muda wote ule na mimi sikuwahi hata kumwuliza: na wewe, una nani humo?

Yeye akanishika mkono akanirudisha kwenye gunia.

"Bwana yako hajatoka bado," akasema. "Tuendelee."

Na tukaendelea. Sasa mimi ndiye niliyesema "Héritier" badala ya "Yesu", au yote mawili, sijui nilisema nini.

Mvua ilianza na matone makubwa. Wanaume wakakimbiza maturubai kwenye mdomo wa lile shimo la jirani, wengine wakachimba mfereji wa kugeuza maji kwa mikono na majembe, wanawake tukaingia nasi, hakuna tena aliyejali kamba. Nilichota tope kwa beseni la mtu. Maji yalikuwa yanateremka kutoka juu ya mlima kama yanaitwa. Nilimsikia mkubwa wa shimo akiwaambia wenzake kwamba maji yakifika chini itabidi watoke wote. Wote, maana yake na waokoaji.

Walimtoa wa kwanza. Wa pili. Kisha kamba ikavutwa kwa muda mrefu, polepole, na kikatokea kitu chekundu chote, hakina uso. Kikafungua macho.

Nilimjua kwa macho.

Faustin hakunitambua mara moja. Alikuwa anatetemeka. Na kabla sijavua hata kitambaa changu, Mama Véro alikuwa ameshafungua kikwembe chake cha juu, ndicho kitenge, akamfunika nacho mabegani, akamfuta matope mdomoni kwa ncha yake. Mama ambaye mtoto wake hajatoka alimfuta mume wangu mdomo.

Halafu akarudi kukaa kwenye gunia, kwenye mvua.

Maji yalishinda. Waokoaji walitoka. Héritier aliondolewa baadaye mvua ilipokatika, na hakuwa hai.

*

Sasa sehemu ngumu, na msidhani ile ya juu ndiyo ilikuwa ngumu.

Faustin alirudi nyumbani akiwa mzima, mbavu tu zimechubuka. Lakini hakuongea. Alikaa kwenye kiti mlangoni, mlango wazi, hata mvua ikinyesha ndani. Ukifunga anasimama. Gloire akimwita anageuka polepole kama anaitwa kutoka mbali.

Na mimi niliogopa kwenda kwenye matanga ya Héritier. Niseme ukweli, niliogopa kuliko nilivyoogopa machimboni. Nitaingiaje kwa yule mama, na mume wangu ananisubiri nyumbani? Nitavaa uso gani? Nikifurahi ni dhambi, nikilia ataona naigiza. Nilisimama nje ya lango lake na sufuria ya bukari kichwani, ugali wetu huo, hadi mikono ikafa ganzi.

Nikaingia. Akaniona. Akasogea kwenye mkeka nipate nafasi.

Nikakaa.

Jumapili iliyofuata pasta akaniita mbele nitoe ushuhuda. Kanisa lilikuwa limejaa, habari imeenea. Alitaka niseme jinsi imani ilivyomtoa mume wangu. Ngoma zimeshaanza kabla sijashika kipaza sauti. Nikasimama pale. Nikasema tu: "Mungu alinirudishia bwana yangu, ninashukuru. Lakini kulikuwa mama aliomba kuliko minye, na mutoto yake hakutoka. Sijui kwa nini. Mumuombee." Nikarudi kukaa. Ngoma zikakosa mahali pa kuingilia.

Nilidhani pasta atanichukia. Baada ya ibada alikuja akasimama karibu nami, akasema pole pole, "Na minye sijui kwa nini, Mama Gloire." Tangu siku hiyo namheshimu zaidi.

Humu najua kuna atakayeandika kwamba maombi yangu yalisikilizwa na ya Mama Véro hayakusikilizwa, au kwamba yeye aliomba kwa shanga ndiyo maana. Ndugu yangu, tafadhali. Usiandike. Mimi nilikuwepo.

Siku moja baada ya mazishi, nikiwa kwake nachambua maharage naye, Mama Véro aliniuliza bila kuinua macho:

"Bwana yako anaweza kuya hapa? Iko kintu moja nataka kumuuliza."

Nilijua ni nini. Faustin alikuwa karibu na Héritier. Nilipomfikishia, alitikisa kichwa. Mara ya kwanza nikaona machozi yake. "Siwezi. Ataniuliza. Siwezi."

Sikumsukuma. Zamani ningemwambia kataa woga, simama kiume. Sasa nilichukua kiti kingine nikakiweka mlangoni pembeni yake, tukawa tunakaa wawili mlango wazi. Majirani wakawa wanatucheka. Tulikaa hivyo jioni nyingi. Nilimwambia tu, "Nami naogopa atakayouliza." Basi.

Alasiri moja akasimama mwenyewe. "Twende."

Mama Véro alitupa viti uani karibu na magunia ya makala. Akakaa kwenye kigoda. Aliishika rozari yake bila kusali, na hapo nikaelewa: yule mama aliyeniambia niogope tu, na yeye alikuwa na jambo ambalo hakuwa amethubutu kuliuliza mchana wala usiku.

"Faustin, mutoto yangu. Aliniita? Aliniita na hakuna muntu alimujibu?"

Faustin alisogeza kiti chake karibu naye. Kisha akasema, na haya maneno mimi mwenyewe nilikuwa nayasikia mara ya kwanza:

"Alikuita, mama. Minye nilimujibu."

Akaeleza. Udongo uliwatenganisha, sauti zinapita lakini mikono haifiki. Héritier alikuwa amebanwa miguu. Alilia. Alisema kama mtu na kaka yake, "Yaya Faustin, niko naogopa." Faustin akajaribu kuomba kama tunavyoomba kanisani kwetu, kwa kuamuru na kukemea, akakosa pumzi, hewa ilikuwa kidogo. Héritier ndiye aliyemwambia, "Hapana ile. Tuombe ile tunajuaka wote."

Wakasali Baba Yetu.

Walisali kwa zamu, mmoja anasema mstari, mwingine anafuata, ili kila mmoja apumue mwenzake anaposema. Wakimaliza wanaanza tena. Woga ukizidi, Héritier anasema, "Tuanze," wanaanza. Wakasikia waokoaji wanagonga mbali. Wakaendelea. Kisha zamu ya Héritier ikawa inachelewa. Inachelewa zaidi. Kisha haikuja.

"Ulifanya nini?" akauliza Mama Véro.

"Nilisema yake na yangu."

"Ulimaliza?"

"Ndiyo, mama. Nilimaliza yote. Nikaanza tena. Nilisema yetu wote wawili mpaka banafika."

Mama Véro alifunika uso kwa mikono. Nikadhani ataanguka. Lakini alipoitoa, uso wake ulikuwa uso wa mtu aliyetua mzigo, umelowa wote.

"Basi hakukuwa peke yake," akasema. "Njo ile niliogopaka. Njo ile tu."

Faustin akapiga magoti pale kwenye vumbi la makala, akaweka kichwa mapajani mwake, akalia kama sijawahi kuona mwanaume analia. Naye anampapasa kichwa, "Lia, mwana. Lia."

Usiku huo Faustin alifunga mlango mwenyewe.

*

Mtauliza ikawaje baadaye.

Kwa muda alifyatua matofali. Kisha amerudi machimboni, shimo jingine. Najua mtasema kwa nini. Hapa kwetu, kazi nyingine iko wapi? Amekubaliana nami jambo moja, mvua ikinyesha usiku hashuki asubuhi. Mengine ni ya Mungu.

Kwa hiyo bado naogopa, kila siku anapotoka. Hata sasa ninapoandika hajarudi.

Mimi bado nasali kanisani kwetu, Mama Véro bado yuko parokiani kwake. Lakini tumekuwa kama mtu na mdogo wake. Mwezi huu jirani yetu mumewe amepelekwa gerezani Buluo, kesi haijasikilizwa, na yule dada amejifungia ndani, halali wala hali. Mama Véro akanipitia asubuhi: "Vaa kikwembe. Tuko naenda kuikala naye." Mimi ndiye niliyegonga mlango. Akafungua akiwa na macho mekundu, akasema haraka kabla hatujasema neno, "Minye siogopi."

Nikamwambia, "Minye niko naogopa, mama. Tunaweza kuingia?"

Akatazama mmoja wetu, akatazama mwingine. Akafungua mlango wote.

Nilichojifunza, wakuu, ni kidogo tu. Imani si kutokuogopa. Ukimkuta mtu kwenye woga wake, usimpe hotuba, usimpe lawama. Mpe maji, kaa karibu, mwite Mungu kwa maneno mnayoyajua wote wawili. Na usisahau kumwuliza huyo anayekufariji: na wewe, una nani humo ndani?

Nimemaliza. Mwenye lake la kusema, la kukosoa au la kuongeza, uwanja ni wenu. Na kama kuna mtu humu anaogopa leo na hajamwambia yeyote, aandike hapa chini, hata neno moja.

Nipo. Namsubiri Faustin, nitakuwa nasoma.